Choroko Saba Kibuyuni

S.L.P. 74,
Bariadi,
Simiyu.

Jumapili, 13 Julai 2025

Mpendwa dada yangu Matilda,

Kabla hata ya salamu nina ombi. Ndani ya bahasha umekuta kikaratasi nilichokikunja na kukibandika kwa gundi. Usikifungue sasa. Kiweke mahali ambapo mwanao Erasmus hatakifikia, kisha usome barua yote. Nikifika huko mwishoni nitakuambia cha kukifanyia.

Sasa salamu. Mhola, dada? Mmeamkaje huko Newala? Nasikia mwezi wa saba baridi ya huko juu inawavalisha watu masweta mchana kweupe, na nikikumbuka ulivyokuwa unapenda kuota jua kama mjusi, nakuonea huruma. Mgongo wako unaendeleaje? Bado unawainamia wagonjwa kutwa nzima bila kukaa? Shemeji Anthony hajambo? Na Erasmus ameacha kuogopa kuku, au bado anapanda juu ya meza?

Sisi huku mhola duhu, kama tunavyojibu hata tukiwa na homa. Mimi mzima, na cherehani zangu zote mbili zinafanya kazi, ingawa moja imeanza kuruka nyuzi. Mama mzima. Nairudia hiyo ili uisome mara mbili: mama mzima, mkono wake umepona kabisa, na leo mchana amenigombeza kwa sababu nilisonga ugali mlaini. Mtu mwenye nguvu ya kugombania ugali hana ugonjwa.

Najua barua itakuwa imekushtua. Siku hizi mtu akipokea barua anajua imetoka kwa mwajiri au mahakamani. Lakini nimeona simu imeshatuharibia vya kutosha. Tangu Jumamosi ile ya tarehe tano umenyamaza kwenye grupu letu. Tunaona tiki za bluu, neno hatulioni. Nikikupigia unasema uko kazini, na Jumapili iliyopita uliniambia uko kazini huku nyuma yako nasikia kwaya. Limbu anasema dada kasusa. Nami nikajiuliza, hivi ningekuwa mimi nisingesusa?

Maana ulichopata ni ule ujumbe wa Limbu peke yake, na mdogo wetu huyo anaandika kama mtu anayelipia kila herufi: "Safari ya mama imefutwa. Tumepiga kura, wote tumekataa." Mtu akiusoma ujumbe huo akiwa Newala, ataelewa kwamba ndugu zake wamekaa, wamepiga kura dhidi yake, na hakupatikana hata mmoja wa kumtetea. Sivyo ilivyokuwa, dada. Nipe nafasi nikueleze tangu mwanzo, na pale nilipokosa mimi nitapasema.

Unakumbuka mwezi wa tano mama alipoanguka kisimani. Aliteleza kwenye ile sakafu ya saruji ya pampu akiwa na ndoo, akaumia kiwiko na kifundo cha mkono. Siku hiyohiyo ulimpigia ndugu yetu Mayige ukamwuliza, "Mama ataanguka hapo Sapiwi mpaka lini?" Hukusema zaidi ya hapo. Mayige akalipeleka swali kwa baba mdogo Ngeleja hivyohivyo lilivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Sasa baba mdogo unamjua. Tangu baba yetu atutoke yeye ndiye mkubwa wa nyumba, na kwake yeye swali lako halikuwa swali. Kwa hesabu zake mtoto wa kwanza haulizi, ila anaelekeza kwa adabu. Akaliandika kwenye grupu kama lilivyo, halafu akaongeza la kwake: "Mwana ameongea. Mama yenu ahamie mjini kwa Scola. Wenzangu?"

Basi madole gumba yakaanza kumiminika. Mayige dole. Mimi dole. Limbu madole mawili, kwa sababu yeye ni kitinda mimba na anataka kila mara ajulikane kwamba yupo. Jioni nawe ukaweka la kwako. Kikao kikawa kimekwisha bila mtu kufungua kinywa. Domitila, mke wa Mayige, ambaye ndiye anayemwona mama kila siku ya Mungu, hakuulizwa kwa sababu simu yake ni ya tochi. Na mama mwenyewe aliambiwa kesho yake, kama mtu anavyoambiwa kwamba jana mvua imenyesha upande wa pili.

Usidhani tuliishia kwenye simu. Mwezi wa sita tulikaa kikao cha ana kwa ana pale nyumbani Sapiwi, mkeka na viti, kila kitu kwa utaratibu. Lakini kwetu anaanza mkubwa, na mkubwa akishasema, wanaofuata hawana kazi nyingine ila kuyazungusha maneno yake na kuyarudisha palepale yalipotoka. Baba mdogo akasema mama ahame. Mayige akaunga mkono. Mimi nikaunga mkono aliyeunga mkono. Limbu akasema yeye hana la kuongeza, akaongeza dakika kumi. Domitila alikuwa jikoni. Mama aliulizwa mwisho kabisa, akajibu, "Watoto wakishapanga, mimi nina nini?" Tukalichukua hilo kuwa ndiyo, tukamshukuru, tukala.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimekaa nalo moyoni wiki nyingi. Dada, mimi sikutaka mama aje kwangu. Usinielewe vibaya. Unajua ninavyokaa: chumba ambacho angelala, dirisha lake linatazama ukuta wa gesti. Angeshinda kwenye kiti akiniangalia nikishona mpaka jua lizame. Mama yetu ni mtu wa kuamkiwa. Pale Sapiwi tangu asubuhi watu wanapita na "mwangaluka, mayu", na yeye anajua kila mmoja kwa ng'ombe wake na kwa ugomvi wake. Mimi hapa mjini jirani yangu wa ukuta mmoja simjui hata jina. Nilijua angenifia kwa upweke katikati ya watu.

Lakini ningesemaje? Nikisema asije, nzengo nzima, majirani wote wa kijiji, ingesema Scola amemkataa mama yake. Wewe ungesema nini? Nikaona heri nimkosee mama kuliko kuonekana simtaki. Ndiyo aibu yangu hiyo. Nikakipaka rangi chumba kile, nikahamisha meza ya kukatia vitambaa, nikanunua kitanda, na kila aliyenisifu kwa moyo wangu mwema alinichoma.

Mama naye akaanza kugawa vitu. Kuku akampa Mama Salu wa jirani. Chungu kikubwa akampa Domitila, na kigoda chake kile cha miguu mitatu akampelekea baba mdogo. Kila nilipokwenda nilikuta nyumba imepungua kitu. Siku ya Ijumaa nilimkuta anafagia kaburi la baba. Alilifagia polepole, akang'oa majani yote, halafu akabaki amesimama na ufagio kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilirudi nikajifanya sijaona. Nyumba ile ingekuwa itongo, dada, mahame ya kuta na mnyaa, na watoto wa watu wangepita wakiuliza hapa alikaa nani.

Jumamosi asubuhi tukafika wote. Selestini yule dereva alileta kirikuu yake, kile kigari cha mizigo, tukapakia godoro, sanduku la nguo, na kile kitanda chake cha kamba ambacho alikataa kukiacha ingawa nilimwambia kipya kipo. Wanawake wa kamati ya kisima wakaja pia, sita au saba hivi, kuchukua ufunguo wa pampu. Unajua mama ameushika ufunguo ule miaka kumi na moja. Na pamoja na ufunguo kuna kibuyu.

Sijui kama uliwahi kukiona kibuyu hicho, maana kilianza baada ya wewe kuondoka. Zamani kamati ile ilikuwa ikichagua kwa kunyoosha mikono, ikawa vita. Aliyekuona hukumnyooshea mkono hakusalimii tena kwenye foleni ya maji, na ndoo yako inasogezwa nyuma. Ndipo wakapata akili. Kila mwaka baada ya mavuno wanauliza kama mwenye ufunguo abaki au aondoke, na kila mtu anapewa punje mbili, mbegu ya pamba na choroko. Kibuyu kinafunikwa kitenge. Unaingiza ngumi yako chini ya kitenge, unaachia punje moja, ile nyingine unaitia kwenye chungu cha pembeni. Pamba maana yake aondoke, kwa sababu pamba yetu ikipanda lori hatuioni tena. Choroko maana yake abaki, kwa sababu hiyo tunaipika wenyewe.

Basi mama alikuwa amesimama karibu na kirikuu akimweleza Mama Salu jinsi ya kukitunza kibuyu, asikiweke karibu na moto, panya wasikifikie. Domitila akanivuta upande. Unamjua wifi yetu, mbele ya baba mdogo hainui hata macho. Miaka kumi na minne ameolewa pale, na sidhani kama baba mdogo amewahi kumsikia akisema sentensi nzima. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi mbele ya baba siwezi kusema neno. Lakini kibuyu kile hakijui mkwe ni nani."

Nilimwangalia. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, nami nikaelewa kwamba kumbe sikuwa peke yangu. Dada, mpaka saa ile nilikuwa nadhani katika nyumba yote mwovu ni mimi tu.

Nikajikaza. Nikasema, nikichekacheka ili ionekane mzaha, kwamba kabla mama hajakikabidhi kibuyu nasi watoto tumpigie kura yake ya mwisho, ya kumuaga, ya heshima tu. Baba mdogo akakunja uso. Akasema kura ya nini na jambo limekwisha, tena penye wazee haliharibiki neno.

Mama akamgeukia. "Kama limekwisha, shemeji, kibuyu hakitalifufua. Shika punje zako."

Alimpa mbili. Akatugawia sote, mbilimbili, kutoka kwenye pindo la kitenge chake. Tulikuwa sita: baba mdogo, Mayige, mimi, Limbu, Domitila, na mama mwenyewe. Wanawake wa kisima wakasogea nyuma, wakageuza nyuso kama kanuni yao inavyotaka. Tukapita mmojammoja. Chini ya kile kitenge nikawa naogopa nisije nikaachia isiyo yenyewe. Mbegu ya pamba ina manyoya, unaijua hata gizani, lakini niliipapasa mara tatu.

Mama Salu akaleta ungo, akakigeuza kibuyu.

Zikamwagika za kijani tupu. Hakukuwa na hata unyoya mmoja wa pamba. Baba mdogo akakichukua kibuyu, akakitikisa, akakichungulia kwa jicho moja kama anayetafuta panya shimoni. Hakikuwa na kitu. Akainama juu ya ungo akahesabu kwa kidole. Saba. Akahesabu tena. Saba. Na sisi tulikuwa sita.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Selestini, kule kwenye usukani. Akauliza kama ashushe kitanda.

Hapo ndipo mambo yakatoka, dada, na laiti ungekuwepo ungecheka mpaka ukalia, kama tulivyofanya sisi. Mayige alisema alinyamaza kwa sababu yeye ndiye anayekaa boma la pili, na mama ndiye anayemwangalizia ndama. Angesema mama abaki, tungedhani anataka mfanyakazi wa bure. Domitila alinyamaza kwa sababu mkwe akisema mama abaki ni shida, akisema aondoke ni shida kubwa zaidi. Limbu alisema yeye alifuata wakubwa. Nikamkumbusha madole yake mawili, akainama.

Baba mdogo tulimngoja. Alikuwa bado anauangalia ungo. Mwishowe akasema, "Na mimi uji wangu wa asubuhi ningekuwa nanywa wapi?" Kumbe miaka yote hii tunamwona akija na fimbo yake kila asubuhi kwa mama tunasema anamwangalia mjane wa kaka yake, kumbe anafuata uji na mazungumzo. Alipoliona swali lako alidhani wewe umeamua, na kwamba yeye akipinga ataonekana mzee mchoyo anayemzuia mama wa watu asitunzwe na wanawe. Akaona bora alitangaze yeye mwenyewe, kwa nguvu, ili asionekane anaumia.

Na mama? Mama alisema alidhani tumechoka. Kwamba tumechoka kupigiwa simu ameanguka. Akasema mtu mzima hangoji afukuzwe, akiona watoto wamechoka anafunga mzigo mwenyewe kwa uso mzuri.

Fikiria, dada. Watu sita tungempakia mama kwenye gari na kumpeleka mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyetaka aende, akiwemo yeye, na tungefanya hivyo kwa upendo mtupu. Tungefika mjini tukapongezana. Nikiwaza hivyo usingizi unanikatika mpaka leo. Nchi nzima inasema watu wakikaa pamoja hawakosei. Sisi tulikaa mara mbili, na mara zote mbili tulikosea kwa pamoja, kwa nidhamu kabisa.

Sasa ile punje ya saba.

Baba mdogo, baada ya kujifuta macho, alirudisha ukubwa wake. Akasema kura zimezidi, maana yake kuna mwizi, na uchaguzi wenye mwizi ni batili. Mama akasema mwizi ni yeye. Alitia mbili, moja ya kwake na moja ya Matilda. Akasema nyumba hii haijawahi kukaa kikao bila mtoto wake wa kwanza na haitaanza leo.

Baba mdogo akamwuliza, "Umejuaje Matilda angetia choroko? Si yeye aliyesema uhame?"

Mama akajibu, nami nakuandikia kama alivyosema, "Huyo alipokuwa na miaka tisa nilimpeleka Mwamapalala kwa mama yangu akasomee huko. Siku ya tatu nikamwona amesimama hapo uani, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amedandia mkokoteni wa watu wa pamba, halafu akatembea. Nikamwuliza umefuata nini, akasema amefuata nyumbani. Mtu aliyetembea vile kurudi hapa hawezi kunitoa hapa."

Mimi hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Kweli ulifanya hivyo? Na kwa nini hukuwahi kutuambia?

Kwa hiyo siku ile tukashusha godoro, sanduku, na kitanda cha kamba. Selestini alisaidia, akabaki akala nasi. Mama Salu alirudisha kuku bila kuambiwa, ingawa mmoja alikuwa ameshageuka mchuzi, na akakiri.

Lakini sitaki uone kwamba swali lako tulilitupa. Kura ilisema abaki, haikusema asianguke. Baada ya kula baba mdogo alisema tukae tena, na safari hii yeye atasema mwisho. Dada, niliona kitu ambacho sijawahi kukiona katika ukoo huu: Limbu aliambiwa aanze. Kwanza alibabaika, halafu akasema jambo la maana, kwamba tatizo si Sapiwi bali ni ndoo. Mama abaki na ufunguo wake lakini ndoo asiguse. Domitila akafuata, mbele ya baba mkwe, sentensi tatu nzima, akasema wasichana wake wawili watalala kwa mama na kumchotea maji. Wanawake wa kisima wakaahidi kuisugua ile sakafu kila wiki, ukoga usishike. Mayige ametoboa ua katikati ya maboma mawili, akaweka kijimlango, mtu akiita huku anasikika kule. Mimi zamu yangu ni Jumapili, na leo nimetoka huko. Kikao kilichukua mchana mzima na mara mbili kilitaka kuwa ugomvi. Nimekipenda kuliko vyote.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Dada, wabeja. Wabeja sana. Nashukuru kwa lile swali lako, kwa sababu bila hilo mama angeendelea kubeba ndoo, baba mdogo angeendelea kunywa uji bila kusema anauhitaji, na mimi ningezeeka bila kujua sauti ya wifi yangu. Na nashukuru kwa lile lililolifanya swali lako liwe zito. Sisi sote tulinyamaza mbele ya neno lako kwa sababu tunajua tulivyosoma. Baba alipougua wewe ndiye uliyekwenda mbali ukiwa msichana mdogo, ukafanya kazi, na mwisho wa kila muhula kuna mtu aliyekuja na bahasha yako. Cherehani yangu ya kwanza ni jasho lako. Hatukuwahi kukuambia hivi uso kwa uso. Tulichofanya ni kukutii tu, na nimegundua mtu anaweza kutiiwa miaka ishirini asijue kama anapendwa. Unapendwa, dada. Hatukupiga kura dhidi yako.

Habari nyingine ni chache. Choroko mwaka huu zimekubali, kama unavyoona tunazitumia hata kwa siasa. Pamba nayo si haba. Limbu amepata mchumba, msichana wa Kimali anayeitwa Monika. Amekuja kusalimia mara moja na alimkatiza Limbu katikati ya maneno yake mara nne, kwa hiyo mama amempenda. Kanisani wamemaliza paa. Ile cherehani inayoruka nyuzi nitaipeleka kwa fundi wiki hii.

Sasa chukua kile kikaratasi ukifungue.

Ndani utakuta punje mbili, choroko na mbegu ya pamba. Choroko hiyo ndiyo yako ya Jumamosi ile. Mama aliichagua mwenyewe kwenye ungo kati ya zile saba, sijui aliitambuaje. Jumapili iliyofuata nilimwambia kwamba hata yeye ametenda kosa letu lilelile. Amekusemea ukiwa mbali, tena kwa kukupenda, kama tulivyomsemea yeye. Alifikiri kidogo, halafu akaifunga punje yako pamoja na ya pamba, akanipa. Amesema umetendewa isivyo haki na upige kura yako mwenyewe. Kibuyu kina choroko sita, na Mama Salu ameambiwa hakijafungwa. Ukichagua pamba mama atakuuliza sababu yako na atakusikiliza. Mimi pia. Ila naomba jambo moja: usitume dole gumba.

Nisalimie shemeji Anthony na umwambie shati lake la kitenge liko tayari tangu Pasaka. Mbusu Erasmus. Baba mdogo Ngeleja anakusalimu na anaomba nisikuandikie habari za uji, nami nimemwitikia. Mayige, Domitila na wasichana wao, Limbu, na wanawake wote wa kisima wanakutaja. Mungu akulinde katika kazi ya mikono yako, awaponye unaowainamia, na akurudishie mema yote uliyotutendea kwa kipimo kikubwa kuliko ulichotumia.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na sasa nimelisema,

Scola

N.B. Kabla sijaibandika bahasha nilimpigia mama nikamsomea barua yote. Hakusahihisha kitu ila mwisho. Anasema punje isitumwe kwa posta, ni nyepesi, itapotea njiani. Yoyote utakayoichagua, uilete kwa mkono wako. Anasema mwaka huu ni wa nne hujafika nyumbani, na kwamba njia unaijua.

Ameniambia niandike hivyo tu, nisiongeze neno.